Je, Mkristo Asisome Kitabu cha Shaaban Robert?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo lililotokea hapa kwetu Sekei, chini ya mlima Meru, ambalo likiachwa bila kujibiwa litatutia hasara sisi na watoto wetu. Sisemi kwa hasira, walakini nakiri kwamba siku ile nilirudi nyumbani nimekasirika, hata chai niliyoandaliwa ikapoa mezani.

Habari yenyewe ni hii. Tulipata kasha zima la vitabu, kusudi vijana na wazee wapate cha kusoma jioni baada ya kazi za shamba, navyo vikawekwa katika kabati lililo katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya mikutano. Vilikuwa vitabu vya namna nyingi, vya ukulima wa kahawa na migomba, vya afya, vya hadithi, na miongoni mwake vilikuwamo saba vilivyotungwa na Shaaban Robert. Jumapili ya pili mzee mmoja, mtu mwema ambaye mimi mwenyewe namheshimu kama baba yangu, akasimama akasema vile saba viondolewe, maana mtungaji wake alikuwa Mwislamu, na haifai maneno yake kuwekwa mahali tunaposomea Neno la Mungu. Hajaketi vizuri, akasimama baba mwingine, mdogo wake kwa miaka, mwenye duka. Huyu akasema Uislamu wa mtu haumsumbui; kinachomsumbua ni Kiswahili chenyewe. Ati fedha iliyonunua vitabu vile ingalinunua vya Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hakimpi mtoto kazi. Wa tatu akacheka akasema Kiswahili ni lugha ya watu wa pwani, nasi watu wa mlimani tuna lugha zetu. Wengi wakatikisa vichwa kuonyesha kukubali. Vitabu havikuondolewa, ila kabati likatiwa kufuli hata shauri hili likatwe.

Basi nataka kuwajibu wote watatu, na nitaanza na mtu mwenyewe aliyehukumiwa, kwani naliona wazi kwamba katika wote walionena hapakuwa na hata mmoja aliyepata kusoma kitabu chake kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Hata mahakama ya kijiji haimhukumu mwizi wa kuku kabla haijamsikia.

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa Wayao, watu wa kusini ya nchi yetu, wala si Waarabu kama wengine wetu wanavyodhani kwa kulisikia jina. Mwaka 1922 alikwenda Dar es Salaam kusoma, akasoma hata mwaka 1926, na hiyo ndiyo elimu yote ya darasani aliyoipata. Kisha akaajiriwa na serikali kuwa karani wa forodha, akakaa Pangani na miji mingine ya pwani. Mwaka 1944 akahamishiwa bara, Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika afisi ya wilaya, na baadaye katika afisi ya upimaji wa ardhi, hata karibu na mwisho wa maisha yake.

Ndugu zangu, nawaomba mtulie hapa kidogo. Huyu si mtu aliyekaa chuoni akilipwa mshahara ili afikiri. Alikuwa karani. Asubuhi aliandika hesabu za mizigo ya watu na barua za wakubwa wake, na akili iliyobaki baada ya saa za afisi ndiyo aliyoitumia kwa kazi ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Katika muda huo wa ziada, ambao wengi wetu huutumia kwa kulala au kwa kunung'unika, alitunga vitabu zaidi ya 20: mashairi, tenzi, insha, hadithi, maisha ya watu wengine na maisha yake mwenyewe. Wakati wa vita kuu ya 1939 hata 1945, watu walipokuwa wakisikiliza habari za vita kisha wakazisahau, yeye alianza kuzitia katika utenzi, beti kwa beti, hata zikafika beti karibu 3,000. Mimi ni mwalimu. Nimejaribu kutunga beti kumi za siku ya kufunga shule, nikashindwa na ya saba.

Na vitabu hivyo alivipigisha chapa wapi? Pambo la Lugha lilipigwa chapa Johannesburg, katika chuo cha Witwatersrand, katika nchi ambayo siku zile mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi popote alipotaka. Kusadikika kilitoka kwa Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze kwa Macmillan wa London mwaka 1952. Vingine havikupata mchapaji kabisa siku za uhai wake. Kufikirika alikwisha kukiandika mwaka 1946. Hakukiona kimekuwa kitabu. Utubora Mkulima hakukiona. Siku ya Watenzi Wote hakukiona. Ule utenzi wa vita wa beti 3,000 ulitoka mwaka 1967, na mwenyewe alikwisha kufa mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya bendera yetu kupandishwa. Alizikwa kule kule Vibambani alikozaliwa. Ni kweli kwamba alipata nishani ya M.B.E. kwa Waingereza, na tuzo ya Margaret Wrong inayoitwa kwa jina la mama mmoja Mkristo aliyejitaabisha sana kwa ajili ya vitabu vya Waafrika. (Mzee wetu afikirie na hilo: tuzo yenye jina la mama Mkristo haikuona aibu kuwekwa katika mikono ya Mwislamu.) Lakini nishani haipigi kitabu chapa.

Sasa nije kwa mzee wetu na neno lake.

Asema vitabu vya Mwislamu visikae karibu na Biblia. Nami namwuliza, Biblia yenyewe ilifikaje katika Kiswahili? Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akafa naye, akabaki peke yake. Lakini kabla ya msiba ule, mwezi wa Juni, alikwisha kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Na ni nani aliyeketi naye akimpa maneno? Alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin, mwenye asili ya Barawa. Mwislamu, tena mwamuzi wa sheria ya Kiislamu. Mstari wa kwanza wa Maandiko uliopata kuandikwa kwa Kiswahili na mmisionari uliandikwa Mwislamu akiwa kando ya meza. Krapf hakumwambia aondoke. Angalimwambia hivyo, labda tungalingoja miaka mingi zaidi.

Tena mzee wetu na asikilize sala yake mwenyewe. Akisema dhambi, amesema neno lililotoka katika Kiarabu. Akisema imani, vile vile. Akisema malaika, roho, sala, baraka, Injili, rehema, shukrani, yote yametoka huko, yamepita katika vinywa vya Waislamu wa pwani miaka mia na mia kabla hayajafika kwetu mlimani, wala hayakututia unajisi. Wako waliotaka kuyatoa. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, aliifasiri Biblia nzima akaitoa mwaka 1937, naye alijitahidi kwa bidii kuondoa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kutia yaliyo ya Kibantu mahali pake. Bibi yangu alikuwa nayo Biblia ile, nami naipenda kwa ajili yake. Lakini hata Roehl, na bidii yake yote, malaika aliwaacha ni malaika, na roho akaiacha ni roho. Na mwaka 1952 ilipotoka Biblia ya Union, maneno mengi aliyoyafukuza yakarudi kwa mlango wa mbele, na ndiyo hayo tunayoyasoma Jumapili. Basi ikiwa maneno ya Waislamu yamekwisha kuingia madhabahuni, kitabu cha Mwislamu chashindwaje kukaa katika kabati la chumba cha nyuma?

Tuache maneno, tutazame mambo. Kiko ndani ya lile kabati kitabu cha Adili na Nduguze. Adili ni liwali wa mji wa Janibu, naye alikuwa na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Wazazi wao walipokufa, wale wawili waliipoteza mali yao, naye akawapa tena katika yake. Walipokuwa safarini, kwa wivu juu ya msichana Adili aliyetaka kumwoa, wakamtupa baharini usiku. Akaokoka. Ndugu wale wakageuzwa kuwa manyani, naye akaamriwa awapige kila usiku, na asipowapiga atapigwa yeye. Akawapiga huku akilia, kisha akawafuta machozi akawalisha kwa mkono wake. Mwisho wake sitausema, kwa kuwa nataka mkausome. Lakini ni nani miongoni mwetu atakayesoma habari hii asimkumbuke Yusufu mwana wa Yakobo, aliyetupwa shimoni na ndugu zake kwa wivu, kisha akawapa nafaka siku ya njaa? Nilipowasomea watoto sura ya manyani, msichana mmoja wa darasa la tano aliuliza kama Yusufu naye alilia alipokuwa akiwajaribu ndugu zake kule Misri. Tukafungua kitabu cha Mwanzo tukaona kwamba alilia, tena zaidi ya mara moja. Kitabu cha Mwislamu kimempeleka mtoto yule katika Biblia yake kwa haraka kuliko maswali na majibu niliyokuwa nikimkaririsha.

Na Wasifu wa Siti binti Saad je? Hapa najua mzee wetu atakunja uso, kwa kuwa Siti alikuwa mwimbaji wa taarabu. Lakini mwanamke yule alikuwa mwana wa watumwa, alichukua vyungu kichwani akavitembeza kuviuza, watu wakamcheka kwa umaskini wake na kwa sura yake. Na kwa sauti aliyopewa na Mungu alifika hata Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani za santuri. Shaaban aliona kwamba maisha ya mtu wa namna hiyo yastahili kuandikwa kama wanavyoandikiwa masultani. Sisi tulio na Injili isemayo kwamba wanyonge watakwezwa, ni wangapi tuliokwisha kuandika maisha ya mwanamke maskini wa kijijini mwetu? Mimi sijaandika hata mmoja, na najua wengi ambao wangestahili.

Sisemi kwamba kila neno la Shaaban ni la kumezwa. Mkristo akimsoma ataona kwamba ahubiri wema, adili, utu na hofu ya Mungu mmoja, lakini Msalaba haumo, na hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Tena kama mwalimu wa lugha nina lawama nyingine: watu wake wema ni wema mno, na wabaya ni wabaya mno, tena majina yao yamekwisha kutuambia tangu mlangoni nani ni nani. Mtu akiitwa Majivuno hatungojei matendo mema kwake. Hotuba zao nazo ni ndefu. Zamo nyingine nilizoziruka. Hayo ndiyo makosa ya kumlaumu mtungaji, nami niko tayari kubishana na yeyote juu ya hayo jioni nzima. Kumlaumu kwa msikiti aliosalia si kumsoma.

Sasa mwenye duka. Huyu sina ugumu naye kwa Kiingereza. Nami nakisoma, na kilinisaidia. Shaaban mwenyewe hakukichukia. Mashairi ya Omar Khayyam aliyatia katika Kiswahili kwa kuyafuata yalivyotiwa katika Kiingereza na Edward FitzGerald, na kitabu kikatoka mwaka 1952. Yaani alipanda mti wa Waingereza akachuma tunda, akashuka nalo nyumbani. Huyu ndugu yetu ataka watoto wapande mti wasishuke tena.

Nami nawaambia niyaonayo kila siku. Mtoto hutolewa shule ya serikali, hupelekwa kwa gharama kubwa katika shule isiyosema ila Kiingereza, na baba huuza ng'ombe. Baada ya miaka miwili hurudi likizo, husoma ukurasa wa Kiingereza kwa sauti nzuri, na mama hulia kwa furaha. Nimekwisha kuwajaribu watoto watatu wa namna hiyo kwa upole, si kwa kuwaaibisha: nikawaomba waniambie kwa lugha yoyote wanayoipenda, Kiswahili, Kiingereza, Kimeru au Kimasai, ni nini walichokisoma. Mmoja aliweza. Wawili walinitazama. Walijua sauti za maneno kama kasuku azijuavyo, na Kiswahili chao wakati huo kilikuwa kimekwisha kuchakaa, hata barua ya kumwandikia babu hawakuiweza. Mtoto huyo hana lugha mbili. Hana hata moja ya kufikiria kwayo.

Asema Kiswahili hakina kazi. Na ateremke basi hapa mjini tu, mwendo mfupi kutoka dukani kwake. Katika mji huu wa Arusha pana makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wake wa mwaka 1999, katika kifungu cha 137, uliifanya lugha ya Jumuiya kuwa Kiingereza, na Kiswahili kikaambiwa kikuzwe kiwe lugha ya maelewano. Yaani mwenye nyumba aliambiwa akae barazani. Mwaka 2021, mwezi wa Februari, wakuu wa nchi wakaazimia Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi za Jumuiya. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule UNESCO ikaiweka tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea miongoni mwa lugha zake za kazi. Mikutano hiyo itataka wafasiri, waandishi na wahariri wa sheria. Watatoka wapi? Au tungoje watu wa mbali waje Arusha wachukue kazi ya Kiswahili mlangoni petu, huku watoto wetu wakiwafungulia lango?

Na hapa nina neno kwa watu ambao hawakusimama siku ile mkutanoni, na pengine wanalisoma gazeti hili wakijiona salama. Ni wale ambao kila tarehe 7 Julai husimama mbele ya watu, wakamtaja Shaaban Robert kuwa baba wa Kiswahili, wakapigiwa makofi. Nendeni nyumbani kwao mtazame rafu. Dar es Salaam iko shule ya sekondari yenye jina lake, nayo, kama zilivyo sekondari zote za nchi kwa agizo la serikali, hufundisha masomo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Siilaumu shule ile, maana haikuweka yenyewe agizo hilo. Nataka tu mwone tulivyo hodari wa kuheshimu jina la mtu na kuiacha kazi yake nje. Mtu aliyesema kwa maandishi ya maisha yake yote kwamba lugha hii yaweza kubeba fikira kubwa, tumemjengea jina kwa lugha nyingine.

Wa tatu, aliyecheka, ndiye aliyenisumbua kuliko wote, kwa sababu maneno yake yana nusu ya kweli. Kiswahili hakikuzaliwa chini ya Meru. Wamisionari wa Leipzig walipofika pande zetu walijitahidi kwanza kufundisha kwa lugha za wenyeji, na Bruno Gutmann kule Old Moshi aliipenda lugha ya Wachaga kuliko baadhi ya Wachaga wa leo. Mimi sitaki Kimeru kife, wala Kimasai cha Waarusha. Lakini tuulizane: hapa Sekei, Mwarusha na Mmeru wakiwa majirani, boma kwa boma, mfereji mmoja wa maji, wanapozikana husali kwa lugha gani? Lugha ya mmoja haisikiki na mwingine. Kiswahili ndicho kilichowakalisha benchi moja kanisani. Na yule Mwafrika wa asili ya Kiyao aliyezaliwa karibu na Tanga alituonyesha kwamba lugha hii haiulizi damu. Mtu huwa wake kwa kuitumikia.

Wala asidhani kwamba hadithi za mtu wa pwani hazituhusu. Katika Kusadikika, Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku kutafuta mema ya nchi yao, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Na kila aliyerudi na shauri jema alitiwa kifungoni. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951. Je, wazee wa Meru, mwaka 1951 wawaambia nini? Ni mwaka ule, mwezi wa Novemba, Wameru karibu 3,000 walipotolewa kwa nguvu katika nchi yao ya Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ardhi ikatengwa kwa ajili ya walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akatumwa New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kueleza shida ya watu wake. Na katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea likakosa theluthi mbili za kura. Shaaban hakuandika habari za Meru, wala sidai hivyo. Alikuwa Tanga, karani. Lakini katika mwaka ule ule mmoja, mtu wa pwani aliandika habari za mjumbe atumwaye mbali kuwatafutia wenzake haki, na mtu wa mlimani akajifungia safari ya kuwa mjumbe huyo. Nimewasomea wazee wawili waliokuwa watoto siku za Ngare Nanyuki sura za wale wajumbe. Mmoja akaniuliza kama mtungaji alikuwa Mmeru.

Sisi si wa kwanza kuwa na shauri hili. Wako Wasindhi, ambao nchi yao, Sindh, ilibaki upande wa Pakistani India ilipogawanywa mwaka 1947. Wengi wao waliokuwa Wahindu wakahama, wakatawanyika katika miji ya India bila hata jimbo moja la kuliita lao. Walipoteza nyumba na mashamba, lugha wakaichukua. Watungaji wao na walimu wao waliendelea kuandika na kudai, hata mwaka 1967 Kisindhi kikaandikwa katika katiba ya India miongoni mwa lugha zake. Mwaka huo huo ndio serikali yetu ilipoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Watu wasio na nchi walipigania lugha yao miaka 20. Sisi wenye nchi, wenye shule, wenye kabati, tumeweka kufuli.

Na huyo anayependa Kimeru kuliko Kiswahili, nasema na akiandike. Nitamnunulia daftari. Asipokiandika, asikitumie kuwa fimbo ya kumpigia aliyeandika.

Kufuli bado liko siku ninapoyaandika haya, na ufunguo anao yule mzee wetu wa kwanza. Nilikwenda kwake Jumanne, nikamweleza kwa heshima yote mengi ya haya niliyoyasema. Alinisikiliza hata mwisho, akanikaribisha ndizi. Kisha akasema hawezi kuvisoma vitabu vile hata kama angetaka, maana macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na mambo ya kuvikataa aliambiwa na mtu. Nikamwuliza kama ataniruhusu nimsomee kwa sauti. Alikaa kimya kitambo, akasema Alhamisi baada ya kukamua ng'ombe, lakini nianze na kile cha manyani, tena nisimruke ukurasa.

Mwalimu wenu,
Sekei, Arusha